Tarehe Mosi Januari 2017

Mimi ni mkalimani. Mtu wa Bukavu, Kigoma au Lamu akikaa mbele ya daktari, wakili au mwalimu wa mwanawe hapa Toronto na Kiingereza kikampiga chenga, ndipo ninapoitwa nikae katikati. Zamani kazi hii ilikuwa ya miguu. Unapanda basi, unafika hospitali, unavuta kiti cha tatu. Tangu korona ipite, sehemu kubwa imehamia kwenye skrini. Hata Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi, ile inayoamua nani apewe hifadhi Canada, siku hizi husikiliza kesi nyingi kwa video, mwombaji akiwa chumbani kwake na mwamuzi akiwa kwake. Wengi wetu tumekuwa watu wa kushinda nyumbani, hedifoni masikioni, tunangojea mlio.

Mlio wenyewe hutoka ndani ya programu. Wakala anayenipa kazi, ambaye sitamtaja, ana programu yake ya mikutano, na sharti lake ni kwamba ikae kwenye kompyuta, si kwenye simu, kwa sababu ya siri za wagonjwa na kwa sababu simu hukatika katikati ya neno. Malipo ni kwa dakika, na dakika usiyounganishwa haikuingizii kitu. Ukikosa miadi hakuna anayekufokea. Jina lako linashuka tu kwenye orodha, na mlio unakwenda kulia nyumbani kwa mwenzako.

Kompyuta yangu ni ya mezani, sanduku jeusi lililowahi kutumika ofisini, nililouziwa na kijana wa Kiganda aliyekuwa anamaliza chuo na kurudi Kampala. Ndani ina prosesa ya Intel ya kizazi cha saba na Windows 10. Haikuwa na mbwembwe, lakini ilinilisha, ilimlisha na mamangu kule Likoni, na haikuwahi kunisumbua mpaka Januari 2024.

Mwezi huo nilihama. Kodi ya ghorofa niliyokuwa nakaa ilikuwa imenizidi kimo, nikapata chumba cha chini ya ardhi, wenyewe tunaita bezimenti, katika nyumba ya mama mmoja wa Kitamili karibu na barabara ya Lawrence, Scarborough. Kompyuta ilikaa ndani ya boksi siku kadhaa, katikati ya masufuria na majaketi. Nilipoichomeka iliwaka. Ikaniuliza nywila, nikaipa, ikanifungulia. Nikabonyeza programu ya kazi, nayo ikaniambia toleo hili limepitwa na wakati, haliwezi kutumika tena hadi lisasishwe. Vyema. Nikaruhusu isasishe. Mstari wa buluu ukatembea kidogo, ukasimama, na maneno yakatokea: sasisho limeshindikana, jaribu tena baadaye.

Nikajaribu tena baadaye. Nikajaribu na baadaye ya baadaye.

Nikapiga simu kitengo cha msaada cha wakala. Kijana wa upande wa pili alikuwa mpole, akasoma kutoka kwenye karatasi yake: zima uwashe; funga antivairasi; toka kwenye akaunti uingie upya; mwisho, ifute programu yote uiweke upya. Hilo la mwisho ndilo lililoniacha bila kitu. Toleo la zamani, ambalo angalau lilikuwa linafunguka, likaondoka. Na kile kifaili cha kuiwekea upya, ambacho kilikuwa kwenye mashine tangu nilipoajiriwa, kumbe hakina programu ndani yake. Kazi yake ni kwenda kwenye seva na kuivuta. Kikaenda, kikarudi mikono mitupu, na maneno yale yale.

Ushauri ukaja kutoka kila upande. Kwenye kundi letu la wakalimani la WhatsApp mmoja alisema ni waifai ya mwenye nyumba. Nikawasha intaneti ya simu, nikaiunganisha kompyuta na simu: vilevile. Mwingine akasema ni virusi. Binamu yangu wa Calgary alinipa amri ya kuandika, wsreset, inayosafisha duka la programu la Windows. Ikafungua dirisha jeusi, dirisha likajifunga lenyewe, duka likafunguka tupu. Mtoto wa mwenye nyumba, kijana wa sekondari, alishuka ngazi na mkate mkononi, akatazama, akasema, "Anti, hii ni nzee sana," akapanda.

Nilitoka kwenda tawi la maktaba la Cedarbrae, barabara ya Markham, kwa sababu ukishindwa na jambo Toronto, maktaba ndiyo mlango wa kwanza unaoambiwa ubishe. Maktaba za jiji zina matawi 100, na kompyuta zake ni za bure kwa kila mtu. Lakini ule ulikuwa msimu mbaya. Tarehe 28 Oktoba 2023 wahalifu wa mtandaoni walikuwa wamevamia mifumo ya maktaba nzima ya jiji. Matawi yalibaki wazi, waifai ilikuwapo, vitabu viliazimwa kwa kuandikwa pembeni, lakini kompyuta za umma zilibaki kimya hadi mwaka uliofuata, na vitabu vilivyorudishwa, takriban milioni moja, vikarundikwa kwenye matrela kwa sababu hapakuwa na mfumo wa kuvipokea. Mkutubi mmoja, mama wa makamo, alinieleza hayo huku ameikunja mikono kama aliyefiwa. Nikakaa kwenye meza ya watoto na simu yangu, nikatafuta kwa Kiingereza jinsi ya kutibu sasisho linaloshindikana. Kurasa zilikuja kwa mamia. Kila moja ilikuwa na orodha ya tiba kumi, na karibu zote zilitaja kufuta na kuweka upya kabla ya kumwuliza mtu swali hata moja.

Baadaye nikaitia kompyuta kwenye kigari cha sokoni, nikaifunika kwa shuka, nikapanda nayo basi namba 54 kwenda kwa fundi wa dukani. Nauli ni dola 3.30 kwa kadi, na ukigonga kadi una saa mbili za kupanda na kushuka bila kulipa tena, kwa hiyo niliomba fundi asinikawize. Hakunikawiza. Aliichomeka, akatazama maneno yale, akasema Windows imeoza, lazima aifute yote na kuanza upya, na hata akifanya hivyo hanihakikishii. Akanitajia bei. Kwa wakati ule bei hiyo ilikuwa chakula changu cha mwezi. Akaongeza kwamba kuna mpya pale kwenye rafu. Nikavuta kigari changu, theluji imeshageuka tope jeusi kando ya barabara, magurudumu yanakwama, na watu wa kituoni wananipisha wakidhani nimebeba jiko.

Sasa niseme lililonikausha mate. Miadi ilinipita mmoja baada ya mwingine. Nilimwona kwenye barua pepe daktari anayemngojea mgonjwa, mgonjwa anayemngojea mkalimani, na mkalimani ni mimi niliye chini ya ardhi natazama mstari wa buluu. Nikachukua kibarua cha usafi wa usiku katika jengo la ofisi katikati ya mji, kwa kima cha chini cha Ontario, ambacho wakati huo kilikuwa dola 16.55 kwa saa. Kwenda huko kulikuwa safari peke yake, maana ile reli ndogo ya Scarborough ilikuwa imefungwa moja kwa moja tangu behewa lilipoacha njia Julai 2023, na mabasi ndiyo yalibeba mzigo wake. Ghorofani kule nilipangusa vumbi kwenye meza za watu nisiowajua. Kwenye skrini zao, saa nane za usiku, maneno yalikuwa yanazunguka taratibu: usizime, masasisho yanaendelea. Safu kwa safu. Mashine zote za Mungu zinakubali kusasishwa isipokuwa yangu. Nilicheka peke yangu, na mwenzangu Mfilipino akaniuliza kulikoni, nikashindwa pa kuanzia.

Mamangu alikuwa akipiga simu asubuhi ya Likoni, ambayo kwangu ni usiku uliopita. Majira ya baridi tunapishana saa nane. Ukutani nimetundika saa inayokwenda kwa wakati wa Mombasa, simu inakwenda kwa wakati wa Toronto, na jiko la mwenye nyumba lina saa ya kijani ambayo haijawahi kurekebishwa na mtu tangu lifungwe. Katika chumba chenye saa nyingi zisizosikizana, tarakimu ndogo za pembeni mwa skrini hazikuwa na la kunishtua. Mama hakuomba pesa. Aliuliza kama nimekula. Mtu aliye mbali anajua swali hilo lina maana gani dawa za presha zikiwa zimebaki chache kwenye kopo.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja wa Bukavu. Tulikutana Weston, kwenye ukumbi wa sherehe ya ubatizo wa mtoto wa mwenzangu wa kazi, mimi nikiwa nagawa wali. Alikuwa fundi wa redio miaka mingi huko Kadutu, akapita kambini, akafika Canada na wanawe, na hapa amezeeka akitengeneza vitu vya watu wa kanisa lake bila duka wala kibao. Nikamsimulia. Hakusema ni waifai, hakusema ni virusi. Alisema atakuja Jumamosi.

Akaja na mfuko mdogo wa nailoni. Alikataa chai kwanza. Akavuta kiti, akaikalia mbali ile kompyuta, hakuigusa.

"Mama, mbele ya kuwasha, unielezee. Mara ya mwisho ilikubali, ilikuwa wapi?"

"Nyumba ya zamani, mzee."

"Na kule ilikuwa inazimwaga?"

"Kule sikuizima kamwe. Ililala tu, ikaamka."

"Na katikati?"

"Katikati nilihama. Ilikaa kwenye boksi."

"Bila umeme."

"Bila umeme, ndiyo."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyekwisha kupata nusu. Ndipo akaiwasha. Hakufungua programu yangu. Alifungua duka la programu la Windows na kuagiza lisasishe kitu kisicho na maana, kikokotoo, apate tu kuona litasema nini. Likasema limeshindwa, lakini hili halikuficha: lilitoa namba, 0x80072F8F. Akaiandika kwenye daftari lake. Kisha akafungua kivinjari, ambacho mimi sikuwa na kazi nacho kwenye mashine ile kwa sababu mambo yangu yote ya mtandao nayafanyia kwenye simu. Akaandika anwani ya gazeti moja. Ukurasa haukufunguka. Badala yake kivinjari kikaandika kwamba saa ya kompyuta hii iko nyuma.

Mzee akaweka kidole kwenye pembe ya skrini. Tarehe mosi Januari 2017.

"Mama," akasema, "hii mashine iko mwaka gani?"

Basi akanieleza, na tangu siku ile nimewaeleza wengine mara nyingi kiasi kwamba sasa maneno ni yangu. Programu ikitaka kujisasisha haikimbilii kupakua. Kwanza huiuliza seva: wewe ni nani? Seva hutoa cheti, na kila cheti kina tarehe mbili, ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta hulinganisha tarehe hizo na saa yake yenyewe. Mfikirie ofisa wa mpakani ambaye kalenda yake ya ukutani imekwama miaka saba nyuma: kila pasipoti unayompa, hata iwe halali namna gani, ataiona imetolewa siku ambayo haijafika, na atakurudisha. Tangu Septemba 2020 vivinjari vikubwa havikubali cheti cha tovuti chenye maisha ya zaidi ya siku 398, maana yake karibu kila cheti kilichokuwa kinafanya kazi mtandaoni Januari 2024 kilikuwa kimetolewa ndani ya mwaka mmoja hivi uliopita. Kwa mashine iliyoamini kwamba ni 2017, mtandao mzima ulikuwa wa watu ambao bado hawajazaliwa. Ikakataa kuzungumza nao. Na kwa kweli ilifanya vyema, kwa sababu mwizi anayetaka kukuwekea programu ya uongo naye hupenda sana kompyuta isiyojali tarehe.

Nikamwuliza, mbona isijirekebishe? Simu inajua saa, televisheni inajua. Akasema Windows nayo huuliza saa kwenye seva za mtandaoni, ila kwa mpangilio wake wa kawaida kwenye kompyuta za nyumbani, ikikuta tofauti inayozidi saa 15 husita kuisogeza yenyewe. Inaona ajabu kubwa kupita kiasi. Saa 15 inazikubali. Miaka saba inamngojea binadamu.

Niruhusiwe kupita pembeni kidogo, kwa sababu jambo hili lilinipata katika mji wenye neno lake kwenye habari ya saa. Tarehe 8 Februari 1879, hapa hapa Toronto, mhandisi wa reli Sandford Fleming alisimama mbele ya Taasisi ya Canada akapendekeza dunia igawanywe katika kanda 24 za saa, badala ya kila mji kwenda kwa jua lake. Inasimuliwa kwamba alichochewa na treni aliyoikosa Ireland mwaka 1876, kwa kuwa ratiba ilichapwa jioni mahali pa asubuhi, kosa ambalo Mswahili yeyote mwenye saa ya Kizungu mkononi hana haja ya kuelezwa. Miaka mitano baada ya hotuba ile mataifa yalikutana Washington, Oktoba 1884, wakakubaliana mstari wa Greenwich uwe mwanzo wa hesabu. Na redio ya taifa, CBC, ilikuwa ikirusha milio ya saa kila siku saa saba mchana kwa saa za hapa, tangu Novemba 1939, watu wakirekebishia saa zao za ukutani. Ilirushwa kwa mara ya mwisho tarehe 9 Oktoba 2023. Mzee wangu, mtu wa redio, aliisikitikia milio ile. Alikuwa akiitumia.

Turudi bezimenti. Akaweka tarehe kwa mkono, mwaka, mwezi, siku, saa, na kanda ya Toronto. Akaniambia niwashe kile kifaili cha kuwekea. Kikaenda kwenye seva, na safari hii hakikurudi mikono mitupu. Programu ikafunguka. Nikapiga kigelegele kimoja kifupi, mwenye nyumba akagonga sakafu juu yetu. Hapo ndipo mzee akakubali chai.

Kesho yake asubuhi nikaketi, hedifoni kichwani, nikawasha. Haiunganiki. Pembeni: tarehe mosi Januari 2017.

Kama ningekuwa peke yangu ningeitupa ile mashine siku hiyo. Kurudi kwa ugonjwa kunavunja moyo kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu unaanza kudhani kupona ndiko kulikokuwa bahati mbaya. Nikampigia. Akauliza, bila haraka, jana usiku nilizima nini. Nikasema nilizima taa tu.

"Taa gani?"

Taa ya kusimama, pembeni mwa meza. Na niliizimia wapi? Kwenye swichi ya ukutani karibu na mlango. Akanyamaza. Akasema, rudi pale, bonyeza, tazama nini kinakufa.

Nyumba zetu za pwani, kila soketi ina kiswichi chake, na ukikizima unaona unachokizima. Canada soketi hazina swichi. Tena nyumba nyingi za hapa hazina taa kwenye dari ya sebule. Badala yake swichi ya mlangoni imefungwa kwenye soketi moja ya ukutani, ili mtu achomeke taa ya kusimama na kuiwasha akiingia. Ekstensheni yangu ilikuwa kwenye soketi hiyo, ikibeba taa na kompyuta pamoja. Nikabonyeza: taa ikafa, na kile kidoa cha kijani nyuma ya kompyuta kikafa nacho.

Lakini hiyo ni nusu. Kompyuta ya mezani haipaswi kusahau mwaka kwa kukatiwa umeme usiku mmoja. Ndani yake, juu ya madabodi, kuna kibetri cha mviringo kinachoilinda saa wakati umeme haupo. Kikiwa hai, unaweza kuifungia kabatini miezi. Changu kilikuwa kimekufa, labda zamani, hata kabla sijainunua, na hakuna aliyejua kwa sababu kule nyumba ya kwanza mashine haikuchomolewa. Umeme mdogo unaopita hata kompyuta ikiwa imezimwa ulitosha kuiweka saa macho. Kuhama ndiko kulikofichua. Yule kijana wa msaada asingeweza kujua, kwa kuwa hakuuliza kama nimehama, na karatasi yake haikuwa na swali hilo.

Kibetri kinaitwa CR2032, na namba hiyo ni vipimo: milimita 20 kwa upana, milimita 3.2 kwa unene. Kina volti tatu. Kinauzwa kwenye maduka ya vitu vya bei nafuu, kwenye ubao ule ule wa betri za saa na vidude vya kufungulia magari. Mzee alirudi siku nyingine, akachomoa waya wa umeme, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili kumaliza umeme uliobaki ndani, akagusa chuma cha sanduku kwanza ili asiunguze kitu kwa umemetuli wa baridi, ambao huku majira haya unakupiga hata ukishika kitasa cha mlango. Akakisukuma kile kibanio kwa ncha ya bisibisi, betri ya zamani ikaruka, mpya ikaingia, maandishi yakitazama juu. Mashine ilipowaka ikalalamika kwamba haijui tarehe, akaielekeza. Ekstensheni tukaihamishia kwenye soketi isiyo na habari na mlango.

Kulikuwa na kikwazo kimoja cha mwisho, nakitaja upesi kwa sababu kwa wengi ndicho cha kwanza. Masasisho ya Windows yaliyorundikana yalipoanza kushuka, moja lilikwama na namba nyingine, 0x80070070. Hiyo haina fumbo: diski imejaa. Yangu ni ya GB 120, na mabaki ya masasisho ya zamani yalikuwa yamekalia sehemu kubwa. Tukatumia kile chombo cha Windows chenyewe cha kusafisha diski, tukaacha picha za harusi ya mdogo wangu zihamie kwenye flashi, ikapita.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini ile programu ya kazi haikunipa namba ile siku ya kwanza. Ilikuwa nayo. Ilikataliwa na kompyuta kwa sababu maalumu kabisa, na sababu hiyo ina jina. Kuna mtu, mahali fulani, aliyeamua kwamba namba zinatisha watu, akaweka badala yake maneno laini ya jaribu tena baadaye. Mimi naona amekosea. Namba inatisha dakika moja, kisha unaipeleka kwa anayeijua. Maneno laini yalinipeleka kufuta kilichokuwa kinafunguka, yakanipandisha basi na sanduku la kilo kadhaa, yakanipeleka kupangusa meza usiku. Na yule fundi wa dukani aliyetaka kufuta Windows yote: angefuta, angeweka mpya, angeirekebisha tarehe katikati ya kazi bila hata kukumbuka, ningemlipa, ningeishukuru Windows mpya, na usiku huo huo ningezima taa.

Jina langu lilichukua muda kupanda tena kwenye orodha ya wakala. Mlio wa kwanza ulikuwa wa kliniki, mama na kichanga, maswali ya chanjo, mambo mepesi. Nilifanya kazi dakika zile nikiwa nimesimama. Dawa za Likoni zilinunuliwa mwisho wa mwezi huo. Kibarua cha usiku nilikiendeleza hadi majira ya kuchipua, kwa sababu deni halijui kwamba kompyuta imepona.

Mashine yenyewe sasa inastaafu kwa sababu nyingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 inadai kifaa cha ulinzi cha TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kuanzia kizazi cha nane. Yangu ni ya saba, imekosa kwa hatua moja. Kuna nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watu binafsi hadi 13 Oktoba 2026, na nimejiandikisha, lakini wakala ameshatuambia kwamba programu yake haitasubiri mpaka siku hiyo. Kwa hiyo nimenunua nyingine, nayo ni kuukuu, nayo ni ya ofisini. Kabla sijalipa nilimwomba muuzaji anifungulie ubavu wake. Alinitazama vibaya. Nikabadilisha kibetri pale pale juu ya kaunta.

Ile ya zamani mzee ameitaka. Anasema ataitia Linux Mint, wajukuu wake wafanyie kazi za shule. Pesa alikataa mara zote alizokuja, na nimeacha kumbembeleza. Alichotaka ni pilau, tena ya Mombasa, yenye nyama ya mbuzi na si kuku. Kuna bucha la halali hapa Lawrence, na Jumapili ndiyo siku aliyosema.